Nani hasa aliitungua ile ndege? Mabinti wa mizinga ya Uingereza, 1941 hadi 1945

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekutana na picha ya zamani ya mabinti wa Kiingereza waliovaa kofia za chuma, wamelizunguka sanduku fulani la chuma, na nyuma yao kuna mzinga umeelekezwa juu. Maelezo yanasema ni kikosi cha kutungua ndege cha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kaka yangu ni mwanajeshi. Anasema picha hiyo ilipigwa kwa ajili ya magazeti tu, maana wanawake wa Uingereza walikatazwa kufyatua mizinga. Je, hawa walipigana kweli au walipangwa wapigwe picha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kaka yako ameshika jambo moja la kweli, ila amelijengea juu yake jambo lisilo la kweli. Ni kweli walikatazwa kufyatua. Katazo hilo lilidumu tangu mwanzo hadi mwisho wa vita. Lakini kusema walipangwa tu wapigwe picha ni kuwadhulumu. Walikuwa vitani, usiku kwa usiku, na wapo waliouawa wakiwa kazini. Nimesoma habari za vikosi hivi miaka mingi na bado neno hilo la "kupangwa" huniuma, kwa hiyo nivumilie nikikujibu kwa kirefu.

Tuanze na lile sanduku, maana ndilo lenye jibu.

Muulize kaka yako kama utotoni aliwahi kuwinda ndege kwa manati. Ndege aliyetua tawini unamlenga pale pale alipo. Akisharuka, ukimlenga alipo jiwe litapita nyuma ya mkia. Inabidi ulenge mahali patupu mbele yake, pale ambapo yeye na jiwe watakutana. Sasa ichukue hesabu hiyo uipeleke angani usiku. Ndege ya kivita ya Ujerumani inakwenda kilomita 400 kwa saa, juu sana. Kombora la mzinga linaweza kuchukua sekunde 20 kulifikia anga hilo. Katika sekunde hizo 20 ndege itakuwa imesogea zaidi ya kilomita mbili. Yaani unapiga mahali ambapo hakuna kitu, ukitumaini kwamba kitu kitafika. Na si hayo tu: kombora lile halikuwa la kugonga ndege, lilikuwa la kupasuka jirani nayo. Kichwani mwake lilikuwa na fyuzi ya saa, ambayo lazima itegwe kabla ya kupakia ili lipasuke katika sekunde inayotakiwa. Ukikosea nusu sekunde, limepasuka mbali na shabaha.

Hakuna mtu anayeweza kuipiga hesabu hiyo kichwani ndege ikiwa inapita. Ndiyo maana kulikuwa na sanduku. Waliliita prediketa. Lilikuwa kikokotoo cha chuma, limejaa magurudumu ya meno, mihimili na saa za kusoma, na lilihudumiwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wawili walitazama kwenye darubini zake: mmoja akiifuata ndege kushoto na kulia, mwingine akiifuata juu na chini, kila mmoja akizungusha gurudumu lake polepole ili ndege isitoke katikati ya mstari. Wengine walitazama mishale kwenye sahani za saa na kuilinganisha kwa mkono. Kando yao palikuwa na chombo cha kupimia kimo, bomba refu lililolala juu ya miguu yake, lenye tundu la kioo kila ncha. Palikuwa pia na darubini ya mtambuzi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema ile ni ndege ya adui au yetu. Ndani ya kibanda walikaa watu wa rada, wa simu na wa kuchora njia ya ndege kwenye ramani.

Kazi zote hizo nilizozitaja zilikuwa za mabinti wale.

Majibu ya sanduku yalisafiri kwa nyaya hadi kwenye mizinga, kwa kawaida mizinga minne iliyopangwa jirani. Hapo ndipo walipokuwa wanaume. Mmoja alikaa upande huu wa mzinga, mwingine upande ule, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na sahani yenye mishale miwili. Mshale mmoja uliendeshwa na sanduku. Mwingine uliendeshwa na gurudumu lake. Kazi yake ilikuwa kuufanya mshale wake ulale juu ya ule mwingine, basi. Hakuitazama ndege. Mara nyingi hata kama angeinua kichwa asingeiona. Nataka kaka yako, kwa kuwa ni mwanajeshi, alifikirie hilo: aliyefyatua hakulenga, na waliolenga hawakuruhusiwa kufyatua.

Kwa nini basi mpaka uliwekwa pale? Sababu moja ilikuwa ya mwili. Kombora la mzinga wa inchi 3.7, pamoja na ganda lake la baruti, lilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 20. Hiyo ni ndoo ya maji ya lita ishirini, ya kuinua na kupakia tena na tena, kwa kasi, bila kupumzika hadi amri isimame. Wapo watakaosema kwamba mwanamke anayebeba ndoo kama hiyo kichwani kutoka mtoni angeliweza hilo, nami sibishi. Lakini sababu iliyokuwa na nguvu zaidi ilikuwa ya fikra. Serikali na Bunge, na jamii kwa jumla, hawakuwa tayari kusema hadharani kwamba binti wa Kiingereza ameua mtu kwa mkono wake. Wakapata njia ya kutolisema: wakaligawa tendo moja sehemu mbili, sehemu ya kukokotoa na sehemu ya kuvuta, halafu wakasema kuua kumo katika ile ya pili.

Sasa nikueleze ilivyofika hapo.

Kamandi ya Kutungua Ndege iliundwa tarehe 1 Aprili 1939, miezi mitano kabla ya vita. Tangu Julai mwaka huo iliongozwa na Jenerali Frederick Pile, ambaye alibaki kwenye kiti hicho hadi Aprili 1945, jambo la nadra mno kwa jenerali wa Uingereza katika vita hivyo. Pile alikuwa na tabia ninayoipenda kwa kiongozi: akiwa hajui, anauliza wanaojua. Mwaka 1938, kabla hata ya Kamandi kuwapo, alimwomba Caroline Haslett, mhandisi wa umeme aliyekuwa maarufu, aje aangalie vikosi vya mizinga vikifanya mazoezi, kisha amwambie ni kazi gani wanawake wangeweza kuzifanya. Haslett alitazama akamjibu kwamba karibu zote, isipokuwa zile nzito za kubeba makombora. Wakati huo jibu hilo lilisikika kama mzaha kwa wengi. Miaka mitatu baadaye lilikuwa sera ya taifa.

Kilichobadilisha mambo ni upungufu wa watu. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 London ilipigwa mabomu usiku baada ya usiku. Siku za mwanzo mizinga ilikuwa michache mno mjini, ipatayo 92, na katika saa 48 Pile akaikusanya kutoka miji mingine hadi ikafika 203. Usiku wa tarehe 11 aliamuru wote wapige, wakilenga au wasilenge. Kwa upande wa kutungua ndege, zoezi hilo halikuwa na maana kubwa. Kwa upande wa watu waliojikunyata kwenye mahandaki, lilikuwa na maana yote: kwa mara ya kwanza walisikia mlio unaotoka kwao ukienda juu. Ndege nazo zikapanda juu zaidi, na bomu linalodondoshwa kutoka juu zaidi halina shabaha nzuri.

Lakini idadi ya makombora ilitisha. Septemba 1940 yalitumika zaidi ya 20,000 kwa kila ndege moja iliyoanguka. Kufikia Februari 1941 idadi hiyo ilishuka hadi karibu 3,000. Haikushuka hivyo kwa sababu mizinga ilibadilika. Mizinga ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni upande wa hesabu: rada ziliboreshwa, na wanasayansi chini ya mwanafizikia Patrick Blackett walizunguka kwenye kambi wakichunguza kwa nini vyombo vilidanganya. Rada za mwanzo, kwa mfano, zilichanganywa na ardhi isiyo sawa. Dawa waliyoipata inanifurahisha hadi leo: walitandaza waya wa wavu, ule ule wa kuzungushia banda la kuku, ukalala juu ya vigingi katika duara lenye upana wa zaidi ya mita 100, na rada ikawekwa katikati. Waya wa kuku ulinunuliwa nchi nzima kwa ajili hiyo. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba ubora wa kikosi ulishaanza kupimwa kwa utulivu wa wanaosoma vyombo, si kwa nguvu za mikono.

Wakati huo huo jeshi la nchi kavu lilikuwa linamdai Pile awaachie makumi ya maelfu ya wanaume wake waende kwenye vikosi vya mapigano ng'ambo. Yeye mwenyewe alikuwa tayari ana upungufu. Akarudi kwenye jibu la Haslett. Jeshi Saidizi la Wanawake, kwa kifupi ATS, lilikuwa limeanzishwa Septemba 1938, na wanawake wake walikuwa wapishi, makarani na madereva. Aprili 1941 kanuni mpya ziliwafanya kuwa sehemu kamili ya majeshi ya Mfalme, chini ya sheria ya kijeshi. Mlango ukafunguka. Mafunzo ya vikosi mchanganyiko yakaanza Oswestry, karibu na mpaka wa Wales, na mwezi Agosti 1941 kombania ya kwanza ya mizinga yenye wanaume na wanawake pamoja ikapangwa Richmond Park, pembeni ya London. Ilikuwa na namba 435. Waingereza huiita kombania ya mizinga "betri", usije ukashangaa ukiliona neno hilo kwenye maelezo ya picha. Kombania kadhaa huunda rejimenti, na rejimenti za namna hii ziliandikwa rasmi kuwa "mchanganyiko".

Desemba 1941 kikosi mchanganyiko kiliangusha ndege ya kwanza, kaskazini, eneo la Newcastle na mto Tyne. Mwezi ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kuwaita wanawake wasioolewa kwenye utumishi wa taifa, wa miaka 20 hadi 30. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kinachostahili kutajwa: hakuna mwanamke aliyeweza kulazimishwa kutumia silaha ya kuua mpaka yeye mwenyewe akubali kwa maandishi. Kwa hiyo binti unayemwona kwenye mizinga hakusukumwa pale.

Kufikia 1943 wanawake zaidi ya 50,000 walikuwa chini ya Kamandi ya Pile. Katika kombania nyingi mchanganyiko walikuwa wengi kuliko wanaume.

Maisha yao yalikuwaje? Kambi zilikuwa uwanjani, kwenye matope, ndani ya vibanda vya mabati vyenye jiko moja la makaa katikati. King'ora kikilia usiku, walivaa koti na suruali za kijeshi juu ya nguo za kulalia, wakaweka kofia ya chuma juu ya nywele zilizofungwa vibanio, wakakimbia gizani kila mtu hadi kwenye chombo chake. Muda wa kuwa tayari ulihesabiwa kwa sekunde. Kisha wakakaa na jicho kwenye darubini huku mizinga inanguruma mita chache kutoka pale na vipande vya makombora yao wenyewe vikirudi chini kama mvua ya mawe. Aliyeshika gurudumu la prediketa hakuruhusiwa kuruka wala kuinama. Akitikisika, mstari umetoka kwenye ndege, na mizinga minne inapiga hewa.

Usiku wa tarehe 17 Aprili 1942, huko Southampton, binti wa miaka 18 alikuwa kwenye prediketa akiifuata ndege. Kipande cha bomu kilimpiga akafa pale pale. Mwenzake akachukua nafasi yake kwenye chombo na mizinga ikaendelea kupiga. Anahesabiwa kuwa wa kwanza wa ATS kuuawa akiwa kazini kwenye kambi ya mizinga. Hakuwa wa mwisho. Ukimsomea kaka yako sehemu moja tu ya barua hii, msomee hii.

Mshahara wao ulikuwa theluthi mbili ya wa mwanaume wa cheo kile kile. Hilo nalo lilikuwa halali kwa sheria za wakati ule, na sioni haja ya kulitafutia neno laini: lilikuwa dhuluma. Ofisa wa kiume aliyewaongoza kwenye mapigano hakuwa na mamlaka ya kuwaadhibu, hilo liliachwa kwa maofisa wa kike. Na nje ya kambi kulikuwa na maneno. Watu walisema kwamba mabinti waliokaa kambini na wanaume wamepotoka, wana mimba, hawana malezi. Uvumi huo ulikua hadi serikali ikaunda kamati chini ya Violet Markham, iliyochunguza na mwaka 1942 ikatangaza kwamba hauna msingi. Mama zetu wengi waliokwenda jeshini au JKT wanaijua hadithi hiyo bila kuhitaji kamati.

Kulikuwa pia na heshima ndogo ndogo walizozithamini sana. Wakiwa kazini kwenye mizinga waliitwa kwa vyeo vya wapiga mizinga, si kwa vyeo vya jeshi saidizi. Walivaa kamba nyeupe begani kama wapiga mizinga wote, na beji ndogo ya bomu linalowaka juu ya mfuko wa kushoto wa kifua. Mary, binti wa mwisho wa Waziri Mkuu Winston Churchill, alikuwa mmoja wao. Alitumikia kwenye kombania mchanganyiko iliyokuwa na mizinga yake Hyde Park, katikati ya London, na baadaye akaenda nayo Ubelgiji na Ujerumani. Baba yake, tusimnyime haki yake, aliunga mkono jambo hili mapema.

Niseme kidogo juu ya ndugu zao wa taa. Rejimenti ya 93 ya taa za kumulika anga, iliyoundwa Oktoba 1942, ilikuwa ya wanawake karibu watupu, na hakuna nyingine kama hiyo iliyopata kuwapo katika jeshi la Uingereza. Sababu ya kutokuchanganya ni kwamba kituo cha taa kilikuwa kidogo, watu kumi au kumi na wawili, peke yao mashambani, na wakubwa waliogopa kuwaweka wanaume na wanawake wachache namna hiyo mahali pa upweke. Ikaonekana heri wanawake watupu. Majaribio yalifanywa Aprili 1941 na mabinti 54, nao wakafanya kazi vizuri hivi kwamba hoja iliyobaki ya kuwakataa ilikuwa ni kwamba hawajawahi kufanya. Taa yenyewe ilikuwa na kipenyo cha sentimita 150. Juu yake ilipachikwa rada ndogo iliyouelekeza mwale kwenye ndege kabla haujawashwa, kwa hiyo rubani alijikuta ghafla yuko mchana.

Kipindi kilichowapima kuliko vyote kilikuja kiangazi cha 1944. Tarehe 13 Juni lilianguka London bomu la kwanza la V-1, lile bomu lenye mabawa lisilo na rubani. Lilibeba baruti ya kilo 850, likaenda kilomita zipatazo 640 kwa saa, kwa kimo cha mita mia sita hadi mia tisa. Kwa mpiga mizinga hicho kilikuwa kimo kibaya kuliko vyote: chini mno kwa mizinga mikubwa kugeuka kwa haraka, juu mno kwa ile midogo. Tena mizinga ilikuwa imepangwa ndani ya nchi, kusini mwa London, ambako ndege za kivita za Uingereza nazo ziliyafukuza mabomu hayo hayo. Wapiga mizinga walinyamazishwa mara kwa mara wasije wakawapiga wenzao.

Tarehe 13 Julai ukatolewa uamuzi wa kuihamisha mizinga yote hadi ufukweni, kuanzia St Margaret's Bay karibu na Dover mpaka Cuckmere Haven, ili ipige kuelekea baharini bila kizuizi. Ndani ya siku chache watu 23,000, wanaume kwa wanawake, walihama na mizinga, rada, nyaya, vyakula na mahema. Mizinga mikubwa ya kudumu ilizoea kukaa juu ya zege, na zege halikauki kwa siku tatu. Mahandisi wakabuni jukwaa la reli na mataruma ya treni, lililojazwa kokoto, na mzinga ukakaa juu yake imara kama umezaliwa pale.

Hapo pwani vikapatikana vitu vitatu kwa pamoja, vyote kutoka Marekani: rada mpya iliyoifuata shabaha yenyewe bila kushikwa, prediketa ya umeme badala ya ile ya magurudumu, na fyuzi yenye redio ndogo ndani iliyojua yenyewe kwamba imekaribia shabaha ikalipasua kombora. Hakuna tena kutega sekunde. Mizinga nayo iligeuka kwa mtambo, ikilifuata sanduku bila mtu kuzungusha gurudumu. Mwanaume kwenye mzinga akabakiwa hasa na kazi ya kupakia. Yule binti ndani ya gari la rada ndiye aliyelitafuta bomu, akalikamata kwenye kioo chake, akahakikisha chombo kimelishika kweli kweli na si wingu wala ndege wa baharini, kisha akalikabidhi kwa mizinga. Wiki ya kwanza pale pwani mizinga ilitungua kama 17 katika kila shabaha 100. Wiki ya mwisho ya Agosti ilifika 74. Tarehe 28 Agosti yalikuja mabomu 94, na manne tu ndiyo yaliyofika London. Mizinga peke yake ilitungua 65 siku hiyo. Kabla ya vita kwisha, ilikuwa imetungua zaidi ya 1,800.

Wajerumani walipopoteza maeneo ya kurushia huko Ufaransa, wakaanza kuyabeba mabomu hayo chini ya ndege na kuyaachia juu ya Bahari ya Kaskazini. Mizinga ikahamia pwani ya mashariki. Majira yale ya baridi ya 1944 mabinti walilala kwenye mahema juu ya matope yanayoganda, upepo ukivuma kutoka baharini. Mwezi Novemba vikosi mchanganyiko vya kwanza vikavushwa hadi Ubelgiji kulinda Brussels, na baadaye Antwerp, bandari ambayo majeshi yote ya Washirika yaliitegemea kwa vyakula na silaha. Huko mabomu yalianguka kwa wingi. Kwa hiyo wale waliosemekana si wapiganaji walikwenda ng'ambo, wakiwa na mizinga, kwenye eneo la mapigano. Katazo la kufyatua liliendelea kuwapo kwenye karatasi.

Turudi kwenye picha yako. Kaka yako ana haki ya kuitilia shaka, maana picha nyingi za wakati ule zilipigwa mchana, mabinti wakiambiwa wasimame hivi au vile, kwa kuwa vita vyenyewe vilikuwa usiku na usiku hakuna wa kuwasha taa ya kamera. Lakini unaweza kuipima wewe mwenyewe. Iangalie bega: kuna kamba nyeupe? Angalia juu ya mfuko wa kifua wa kushoto kama kuna beji ndogo ya bomu linalotoa moto. Angalia ardhini, kama kuna waya mnene unaotoka kwenye sanduku kwenda upande wa mzinga. Kisha angalia mikono ya wale wawili walioinama kwenye darubini. Kama kila mmoja ameshika gurudumu, na jicho lake liko kwenye kioo badala ya kuwa kwa mpiga picha, basi unaowaona wako kazini. Ukiweza, nitumie nakala iliyo wazi zaidi pamoja na maandishi ya nyuma yake, hasa namba ya rejimenti. Namba hiyo ikisomeka, kambi waliyokuwapo siku hiyo inaweza kutafutika.